Likizo ya Uzazi Ianze Lini?

SOMO LA TISA

Kabla ya kusoma, zungumzeni darasani:

1. Hapa kijijini, mama mwenye mimba huacha kazi nzito lini?
2. Nani huamua? Ni yeye mwenyewe, mumewe, mama mkwe au mwajiri?

Watu wa hadithi hii ni wa mfano. Lakini sheria, hesabu na maneno ya afya yaliyomo ni ya kweli.

1. Swali la Mama Neema

Mama Neema anakaa katika kijiji kimoja wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Kijiji hicho kimepakana na shamba kubwa la chai. Mama Neema ni mfanyakazi wa shamba hilo. Kazi yake ni kuchuma chai.

Asubuhi na mapema hutoka nyumbani na kapu lake. Huko Mufindi ukungu ni mwingi na baridi ni kali. Njia za shambani huteleza. Kapu likijaa majani, Mama Neema hulibeba mgongoni mpaka kwenye mizani. Kisha hurudi kuchuma tena.

Jioni huhudhuria darasa la kisomo. Siku moja ya mwezi Juni alinyosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "mimba yangu ina miezi mitano. Wenzangu wananiambia mengi. Mmoja anasema niache kazi sasa hivi. Mwingine anasema nichume chai mpaka uchungu unishike. Nifuate lipi? Likizo yangu ianze lini?"

Mwalimu hakujibu upesi. Aliwatazama wanakisomo wote, akasema, "Swali hili ni letu sote. Waliopitia njia hiyo watueleze."

2. Majirani wawili

Mama Tito alikuwa wa kwanza kusema.

"Mimi nilitaka siku zote za likizo nikae na mwanangu. Kwa hiyo nilichuma chai mpaka siku ya mwisho. Uchungu ulinishika katikati ya shamba, na mvua inanyesha. Zahanati ni mbali. Tito alizaliwa njiani, chini ya mti. Damu ilinitoka nyingi mno. Mungu alisaidia, tukapona. Lakini sitaki mwenzangu apatwe na mambo yale."

Mama Zawadi naye alisema:

"Mimi niliogopa kuzalia njiani. Nilianza likizo mapema. Lakini sikujua vizuri tarehe ya kujifungua, maana nilianza kwenda kliniki mimba ikiwa na miezi saba. Mtoto akachelewa. Siku zikapita nimekaa nyumbani, namngoja. Niliporudi kazini, Zawadi alikuwa na wiki sita tu na siku chache. Maziwa yalikuwa yanachuruzika kifuani, nami niko shambani. Nililia."

Bibi Semeni alitikisa kichwa. Yeye ni mama mkwe wa Mama Neema, naye pia anajifunza kusoma.

"Sisi zamani tulilima mpaka siku ya kuzaa," alisema. "Mimba si ugonjwa."

"Umesema kweli, Bibi," mwalimu alimjibu. "Mimba si ugonjwa. Lakini mimba ni mzigo. Na mwenye mzigo huchagua mapema mahali pa kuutua."

Juma lililofuata mwalimu aliwaalika wageni wawili. Mmoja alikuwa mkunga wa zahanati. Wa pili alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi.

3. Sheria inasema nini?

Katibu alieleza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Mwalimu aliandika ubaoni mambo haya:

Kwanza. Mama aliyeajiriwa hupata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, hupata siku 100.

Pili. Mama humpa mwajiri taarifa miezi 3 au zaidi kabla ya tarehe ya kujifungua. Taarifa hiyo huambatana na cheti cha mganga.

Tatu. Mama anaweza kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua. Anaweza kuanza mapema zaidi, mganga akithibitisha kwamba inahitajika kwa afya yake au ya mtoto aliye tumboni.

Nne. Mama asifanye kazi katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, ila mganga akithibitisha kwamba anaweza.

Tano. Mama mwenye mimba asipewe kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Na katika miezi 2 kabla ya kujifungua asipangiwe kazi ya usiku.

Sita. Akisharudi kazini, mama anayenyonyesha huruhusiwa muda wa kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Muda huo haupiti saa 2 kwa siku.

"Je, kibarua wa msimu naye?" aliuliza kijana mmoja.

Katibu alijibu, "Kwa kawaida mtu asiyetimiza miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini sheria inamtaja mfanyakazi wa msimu, kwamba yeye anaweza kuipata. Kwa hiyo asikate tamaa. Aje tuangalie mkataba wake."

Kisha aliongeza, "Mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Likizo ikiisha, mama hurudi kwenye kazi yake kwa masharti yaleyale. Akinyimwa haki hiyo, aje kwenye chama. Tukishindwa kuelewana na mwajiri, tunapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi."

4. Tuhesabu pamoja

"Sasa tutafute tarehe," mkunga alisema. "Bila tarehe huwezi kupanga likizo. Mama Neema, hedhi yako ya mwisho ilianza lini?"

"Tarehe 3 Januari."

"Vizuri. Chukua tarehe hiyo, ongeza siku 7. Kisha hesabu mbele miezi 9."

Wanakisomo waliandika:

3 Januari na siku 7 ni 10 Januari.
10 Januari na miezi 9 ni 10 Oktoba.

"Hiyo ndiyo tarehe ya kutazamia," mkunga alisema. "Lakini kumbukeni, mtoto hasomi kalenda. Wengi huzaliwa kati ya wiki ya 37 na wiki ya 42 ya mimba. Mama asiyekumbuka tarehe zake aje kliniki mapema, mimba ikiwa bado changa. Tutampima. Hospitalini kuna kipimo cha ultrasaundi ambacho husaidia kujua umri wa mimba. Mimba ikiwa changa, kipimo hicho hukaribia ukweli zaidi."

Mwalimu aligeukia ubao. "Siku ni 84 tu. Siku unayoitumia kabla ya kuzaa huipati tena baada ya kuzaa. Tuone."

Njia ya kwanza: kuanza wiki 4 kabla.
Likizo inaanza 12 Septemba. Siku ya mwisho ni 4 Desemba. Mtoto akizaliwa 10 Oktoba, mama anarudi kazini mtoto ana wiki 8.

Njia ya pili: kuanza wiki 2 kabla.
Likizo inaanza 26 Septemba. Siku ya mwisho ni 18 Desemba. Mama anarudi kazini mtoto ana wiki 10.

Njia ya tatu: kufanya kazi mpaka siku ya kuzaa.
Likizo inaanza 10 Oktoba. Siku ya mwisho ni 1 Januari. Mama anarudi kazini mtoto ana wiki 12.

Mama Zawadi alitazama ubao kwa muda. "Na mtoto akichelewa siku 10, kama wangu?"

Walihesabu tena. Mama aliyeanza 12 Septemba, na mtoto akazaliwa 20 Oktoba, anarudi kazini 5 Desemba. Mtoto ana siku 46, yaani wiki 6 na siku 4.

"Ndiyo hasa yaliyonipata," alisema Mama Zawadi.

5. Mambo manne ya kupima

"Basi njia ya tatu ndiyo bora," alisema Baba Neema. "Wiki 12 ni nyingi."

Mama Tito alicheka kidogo. "Muulize aliyezalia chini ya mti."

Mkunga alisema, "Hakuna njia moja iliyo bora kwa kila mama. Pimeni mambo manne."

La kwanza ni afya. Je, mimba zilizopita zilikuwa na matatizo? Je, mama ana presha, upungufu wa damu au mimba ya mapacha? Mama wa namna hii asikilize mganga kwanza, kisha ndipo ahesabu siku.

La pili ni kazi yenyewe. Anayeketi mezani na anayebeba kapu mlimani hawachoki sawa. Kusimama kutwa, kubeba mizigo na kukanyaga utelezi huwa vigumu zaidi tumbo likikua. Kazi ya kupuliza dawa za kuua wadudu haimfai kabisa mama mwenye mimba. Kama kazi ni ya hatari, mama aombe apewe kazi nyingine inayomfaa. Sheria inamtaka mwajiri ampe kazi kama hiyo ikiwezekana, bila kumpunguzia masharti.

La tatu ni safari ya kwenda kujifungua. Zahanati iko mbali kiasi gani? Kuna gari usiku? Mvua ikinyesha, njia inapitika? Baadhi ya hospitali na vituo vya afya vina nyumba ambako wajawazito husubiri siku yao. Anayekaa mbali aulize mapema kama ipo ya karibu.

La nne ni mtoto baada ya kuzaliwa. Yafaa anyonye maziwa ya mama tu, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Kwa hiyo jiulize: nikirudi kazini, nani atamlea? Ataletwa wapi kunyonya?

Mama Neema alifikiri. Alikuwa na afya nzuri. Kazi yake ilikuwa nzito. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Alichagua njia ya pili, wiki 2 kabla. Aliomba pia ahamishiwe kazi nyepesi kwenye kitalu cha miche mpaka siku hiyo. Mumewe alikubali. Bibi Semeni alinyamaza.

6. Barua ya Mama Neema

Mganga wa zahanati alimpa cheti. Mama Neema aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Hii ndiyo:

30 Juni

Meneja wa Shamba,

Yah: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI

Mimi ni mfanyakazi wa idara ya uchumaji. Nina mimba. Natazamia kujifungua tarehe 10 Oktoba. Cheti cha mganga nimekiambatanisha.

Naomba likizo yangu ya siku 84 ianze tarehe 26 Septemba. Kabla ya siku hiyo naomba nipangiwe kazi nyepesi, kwa sababu kubeba kapu kunanichosha sana.

Afya yangu ikinilazimu kuanza mapema, nitaleta cheti kingine.

Wako mtiifu,
(sahihi)

Nakala: Katibu wa Tawi, Chama cha Wafanyakazi

Alipeleka barua kabla ya 10 Julai, yaani kabla ya miezi 3 ya taarifa kupungua. Alibaki na nakala yake, ikiwa na mhuri wa ofisi na tarehe iliyopokelewa. Nakala hiyo aliihifadhi pamoja na kadi ya kliniki.

7. Mpango unabadilika

Mwezi Septemba ulianza vizuri. Lakini tarehe 4 Mama Neema aliumwa kichwa kutwa nzima. Kesho yake aliamka kichwa bado kinauma. Uso ulikuwa umevimba. Alijifunga kitenge, akachukua kapu lake dogo la kitaluni.

Bibi Semeni alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini, mama. Likizo yangu bado wiki tatu. Nikianza leo, nitamnyang'anya mtoto siku zake."

Bibi Semeni alimtazama usoni. Kisha akamwambia, "Lete kapu hilo. Mwezi uliopita nilisoma karatasi iliyobandikwa ukutani pale kliniki. Niliisoma mwenyewe, neno kwa neno. Imeandikwa kwamba kichwa kuuma sana na uso kuvimba ni dalili za hatari. Twende zahanati."

Mkunga alimpima. Presha ilikuwa 150 kwa 100. Presha ya mama mwenye mimba ikifika 140 kwa 90 ni ya kuangaliwa na mganga. Alipima pia mkojo. Hakumrudisha nyumbani. Aliita gari, akampeleka hospitali ya wilaya siku ileile.

Mganga wa hospitali alieleza, "Presha hii ikiachwa, inaweza kuleta kifafa cha mimba. Kifafa hicho huua mama na mtoto. Umekuja mapema." Alimpa dawa. Kisha akaandika cheti kwamba aache kazi tangu siku hiyo. Baba Neema alikipeleka kwa meneja.

Kwa hiyo likizo ilianza 5 Septemba. Mama Neema alipimwa mara kwa mara. Tarehe 30 Septemba alijifungua mtoto wa kiume, hospitalini, salama.

Siku 84 zilikwisha 27 Novemba. Alirudi kazini mtoto akiwa na wiki 8 na siku 3. Hazikuwa wiki 10 alizozipanga. Lakini saa 4 asubuhi na saa 8 mchana Bibi Semeni alikuja mpaka ukingoni mwa shamba, mtoto mgongoni, naye mama akatoka kwenye mistari ya chai kumnyonyesha. Muda huo ulikuwa haki yake.

Mwanakisomo mmoja alimwuliza, "Huzisikitikii zile siku?"

"Nilizisikitikia," alijibu Mama Neema. "Lakini siku hizo ndizo zilizotulinda. Tulikwenda hospitali wawili, tukarudi wawili."

Katibu aliwakumbusha jambo jingine. Sheria hiyohiyo ina likizo ya ugonjwa. Mama akiugua mapema katika mimba, aulize kwanza kama mapumziko yake yaandikwe kuwa ya ugonjwa, ili siku 84 zisipungue. Tena, mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili kumwongezea muda mama anayejifungua mtoto njiti. Anayepatwa na hayo aulize haki yake.

8. Asiye na mwajiri je?

Wanawake wengi darasani hawakuajiriwa. Wanalima mahindi, viazi na maharagwe yao. Mmoja wao alisema, "Mimi sina meneja. Likizo nitamwomba nani?"

Kicheko kilitokea. Lakini mwalimu hakucheka. Alisema, "Swali lako ni kubwa kuliko yote. Likizo ya mkulima hutolewa na jamaa zake."

Jamaa wakae pamoja mimba ikiwa bado na miezi mitano au sita. Wapange: nani atachota maji? Nani atakata kuni? Nani atabeba magunia? Kazi hizi mume anaweza kuzifanya, na watoto wakubwa wanaweza kusaidia. Wapange pia fedha kidogo ya nauli, na mtu wa kubaki na watoto. Mama aendelee na kazi nyepesi kama ana nguvu. Kutembea kidogo na kujishughulisha si vibaya. Vibaya ni kubeba mizigo mizito na kukosa usingizi na chakula.

Baba Neema alisimama. "Mimi zamani niliona aibu kubeba ndoo ya maji kichwani," alisema. "Mwezi ule mke wangu alipokuwa hospitalini nilibeba kila siku. Ndoo ni nzito. Sikujua."

Mambo ya kukumbuka

1. Anza kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua 8.
2. Jua tarehe yako ya kutazamia, kisha hesabu siku zako 84.
3. Toa taarifa kwa maandishi miezi 3 kabla. Bakiza nakala.
4. Chagua siku kwa kupima afya, kazi, safari na malezi ya mtoto.
5. Ukiona dalili ya hatari, vunja mpango. Nenda zahanati siku hiyohiyo.

Dalili za hatari ni hizi: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni au kucheza kidogo kuliko kawaida.

Maneno ya kujifunza

*taarifa*: habari anayopewa mtu rasmi
*cheti*: karatasi yenye uthibitisho
*nakala*: karatasi nyingine yenye maneno yaleyale
*kitalu*: mahali pa kuotesha miche
*mtoto njiti*: mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia
*kifafa cha mimba*: degedege linalompata mama kwa sababu ya presha ya mimba

Maswali

1. Kwa nini Mama Tito alizalia njiani?
2. Kwa nini Mama Zawadi alirudi kazini mtoto akiwa mdogo sana?
3. Mama Neema alipanga kuanza likizo lini? Alianza lini? Kwa nini?
4. Bibi Semeni alijuaje kwamba kulikuwa na hatari?
5. Hedhi ya mwisho ya mama mmoja ilianza 12 Februari. Tarehe yake ya kutazamia ni ipi? Taarifa aitoe kabla ya tarehe gani?
6. Zungumzeni: katika nyumba yenu, nani atachota maji mama akipumzika?

Zoezi la kuandika

Andika barua ya taarifa kama ile ya Mama Neema. Kama hukuajiriwa, andika orodha ya kazi tano za nyumbani. Mbele ya kila kazi andika jina la mtu atakayeifanya mama akikaribia kujifungua. Nenda nayo nyumbani, uisome mbele ya wote.